Vua Pete Kwanza

Lori la mkate nililinunua mnadani, hapa Malindi,
likinuka hamira bado ubavuni.
Nikalitia kitanda, kabati la vyombo, feni ya betri,
dirisha moja upande wa kibla,
na betri mbili chini ya mto
kwa kuwa hapakuwa na pengine.
Nyumba ya Maweni ilikuwa imenizidi ukubwa.

Kache, fundi wa Barani, alikuja na spana
alizozivisha mpira wa tyubu kwenye mishikio.
Alinisalimu, akainama, akachungulia.
"Unalala wapi, mzee?"
"Hapo juu."
"Na hizi?"
"Hapo chini."
Hakucheka. Afadhali angecheka.

Akasema: betri ikichajiwa hupumua.
Pumzi yake haina rangi, haina harufu,
hupanda darini ikajikalia kimya
ikingoja njiti moja ya kiberiti.
"Ukisikia uvundo wa yai viza, chomoa chaja kule nje,
fungua milango, toka.
Huo uvundo ni huruma. Usiungoje."

Nikaikumbuka sigara yangu ya baada ya isha,
masiku mangapi, chali kitandani,
chaja ikinguruma chini ya mgongo
kama paka aliyeshiba.

Akakitazama kidole changu.
"Vua pete kwanza."

Miaka thelathini na mmoja haikuvuka kifundo hiki.
Kwenye udhu niliizungusha tu, maji yapite.
Haikutoka hata siku ile hospitalini
nilipokabidhiwa ya mwenzake ndani ya bahasha.
Nikamwambia, hii haitoki.

Akanisimulia habari za mwenziwe wa Mambrui:
spana juu ya chanya,
saa ya chuma ikagusa bodi,
ikawa nyekundu kabla hajamaliza kusema "Ya—".
"Volti kumi na mbili, mzee. Hazikurushi.
Zinakuunguza tu, na hukuwa na habari."

Sabuni ya mche. Uzi.
Mwisho mafuta ya nazi, yale ya Mwanasiti,
chupa iliyobaki nusu na alama ya kidole chake.
Pete ikatoka na ngozi kidogo.
Pale ilipokaa kidole kilikuwa cheupe, kichanga,
kidole cha bwana harusi kwenye mkono wa babu.

Hasi hutoka kwanza, hasi hurudi mwisho.
Alinikaririsha mara tatu kama mtoto wa chuoni.
Fyuzi ikae ubavuni mwa chanya,
si mbali kama ndugu wa kupigiwa simu.
Betri akazihamishia sanduku la nje, matundu chini na juu,
akazifunga mkanda zisirukeruke njia ya Marafa.
Akaniachia magadi, ya kumwagia maji makali yakivuja sakafuni
("ngozini maji tu, tena mengi"),
na miwani ya plastiki iliyonifanya panzi.

Kisha kipima, na somo la mwisho:
"Kumi na mbili nukta saba, imeshiba.
Kumi na mbili nukta mbili, ni nusu. Hapo komea.
Usiikamue eti kwa sababu bado inatoa."

Nikajitia kutafuta bisibisi.
Mwanasiti alikaanga mahamri hadi Jumatano ya wiki ile,
akayapanga, akayahesabu, akaniwekea mawili.
Taa zake zote zilikuwa zinawaka.
Nani alimpima?

Kache alipokea pesa zake, akazikunja, akapunguza mia mbili,
hakueleza kwa nini.

Usiku kipima kilisoma mbili nukta nne.
Nikazima feni, nikalala na joto, mlango wazi,
mbu wakipita watakavyo.
Pete ilikuwa kwenye kikombe cha kaure, mbali na nyaya.

Asubuhi kidole kilikuwa kimevimba, ikakataa kurudi.
Nitajaribu tena jioni.
Mafuta yapo kidogo.