Tulia, Nikupige Picha

Julai, Katwe imekauka hadi kisogoni.
Vumbi la chumvi limekaa kwenye lenzi;
nimelifuta kwa shati, nimelipaka upya.
Nimelala kifudifudi nyuma ya ghala
saa kumi na mbili na robo asubuhi,
mimi, Thembo wa picha za vitambulisho,
mwenye stuli moja na shuka jeupe.

Kwenye kalvati nguchiro wanaamka.
Mkubwa mmoja, kisha mwingine, wananusa upepo
kama wanunuzi wasioamini mizani.
Halafu watoto: wanne, sita, hawahesabiki,
kila mmoja kamganda mlezi wake
ambaye si lazima awe mama.
Nabonyeza. Mkia.
Nabonyeza. Vumbi lenye masikio.
Nabonyeza, na pale alipokuwa pana nyasi tu,
nyasi zilizotoka vizuri mno.

Juu kwenye boriti, mbayuwayu ana makinda watano,
au tuseme midomo mitano; wenyewe sijawaona.
Njano ile ya ndani
hata dumu jipya la mafuta halina.
Mama akipita, wanawaka.
Akienda, giza.
Shingo yangu inauma. Siondoki.

Saa tatu Mbambu akaja na mtoto mgongoni,
wiki saba, anahitaji pasipoti, baba yuko Juba.
Ofisi imeandika: macho wazi, mdomo ufungwe,
nyuma pawe peupe,
na asionekane aliyemshika.
Nikamsomea mara mbili.
Asionekane aliyemshika?
Mbambu hakujibu. Alijifunika shuka gubigubi,
akaketi kwenye stuli, akawa ukuta,
na ukuta ukamsimamisha mwanawe kwapani.

Tulia, baba. Tulia nikupige.
Nikabonyeza mara kumi na moja,
mdomo ukawa wazi mara kumi na moja,
wekundu mtupu hadi kooni,
na ukuta ukaanza kucheka, ukatikisika.

Bahasha ilirudi baada ya majuma mawili.
Juu yake, kwa kalamu ya bluu: *shuka lina vidole*.

Basi nimezibandika kibandani, karibu na kioo cha kuchania nywele:
midomo mitano, mdomo wa sita,
vidole vya Mbambu,
na zile nyasi.
Wateja wakichana nywele huniuliza
nyasi hizo ni za nini, hapana kitu hapo.
Nawaambia alikuwepo,
sasa hivi tu, alikuwepo.