Saa Nne na Robo Usiku

Nimeibeba begani kutoka Majengo,
imefungwa leso ya mke wangu kama mtoto mwenye homa,
kebo zikining'inia.
Ngazi za lile jengo la Mwembe Tayari zina giza hata mchana;
nimehesabu thelathini na mbili
nikiomba kwa kila moja
fundi asiwe mtu wa kuuliza.

Ni msichana. Kadzo.
Bisibisi imechomekwa kwenye nywele,
chai imemkaukia kikombeni juu ya printa.
"Imepatwa na nini?"
"Stima," nikasema. "Ilikatika, ikarudi kwa nguvu.
Toka hapo ni kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi
nisioufahamu."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye katibu wa chama cha mazishi,
watu mia na arubaini, shilingi mia mbili kwa mwezi,
na majina yote yamo humo ndani.
Sikumwambia kwamba Bi Mwanasha Famau amefariki alfajiri,
anazikwa baada ya laasiri,
na wanawe wamekaa barazani kwangu
wakingoja daftari liseme.

Akaiwasha.
Feni ikazunguka, taa ya kijani ikapepesa,
kisha kimya, kama mtu aliyefumbua macho
akasahau neno la kwanza.
"Diski ni nzima," akasema, sikio karibu na bati.
"Haigongi. Ila anayeiamsha hayupo."

Akachomeka flashi,
akaiamsha kwa mfumo wa kuazima;
herufi nyeupe zikamwagika kama mchele wa gunia lililopasuka.
Akasimama penye mstari mmoja.
Akausoma polepole, sauti ya mtu asomaye bei:
"Faili la mfumo. Limefutwa kwa mkono.
Jumatatu, saa nne na robo usiku."
Kisha akanigeukia:
"Stima, baba, haichagui faili kwa jina."

Chini barabarani mtu aliuza soksi kwa kipaza sauti,
tatu mia, tatu mia, tatu mia.

Nilikuwa natafuta nakala ya zamani ya daftari,
ile inayojua kwamba tangu Februari sijatoa hata ndururu.
Kwenye nakala mpya nilijiandikia "amelipa" mara saba;
mwandiko wa mashine hautetemeki.
Nikafuta ya kwanza. Nikafuta iliyofuata.
Nikaingia folda nisiyoijua,
nikachagua yote,
mashine ikaniuliza, una hakika?
ikaniuliza tena,
na mtu mwenye hofu huwa ana hakika sana.

Kadzo hakungoja jibu.
"Mficha uchi," akaanza, hakumalizia;
alishageuka kutafuta, kwenye mashine yake mwenyewe,
faili kama lile, toleo lile lile.
Mara ya kwanza likakataliwa.
Mara ya pili kioo kikawa buluu, akasonya.
Mara ya tatu
hata soksi za chini zilinyamaza,
ikaja picha ya mwanangu aliyeng'oka meno ya mbele,
na juu ya uso wake ikoni zikarudi, moja moja,
kama watu wanaochelewa hitima.

"Na nakala ulizozifuta," akasema bila kunitazama,
"bado zimo pipani. Nizimwage?"

Shabaha yangu yote ya Jumatatu,
kwa kidole kimoja, bure.

"Zirudishe," nikasema.

Shilingi mia saba. Saa nane kasorobo.
Nikaomba dakika tano na kibodi yake.
Nikamtafuta Mwanasha Famau: amelipa hadi Disemba.
Nikalitafuta jina langu.
Penye "amelipa" nikaandika sifuri,
nikashuka mstari, sifuri,
sifuri,
huku Kadzo amechomoa bisibisi nywelani
anakaza parafujo za ubavuni,
zote isipokuwa moja
ambayo hatukuona ilikoangukia.