Dagaa wa Mwezi Ule

Boti ilizama Jumanne, usiku wa giza,
mbele kidogo ya Kibirizi, taa za mji zikiwaona.
Watu thelathini na mmoja. Ziwa lilirudisha kumi na wanane,
likabaki na wengine
kama karani wa nauli anavyobaki na chenji.
Mdogo wangu Ntahondi alikuwa kwenye chenji.

Usiku wa nne wavuvi wakawasha tena taa.
Njaa haina arobaini.
Dagaa walikuja wengi, wanene, wakimeta,
nami nikawaanika juu ya chanja kama kila mwezi,
mkono ukigeuza, jicho likikataa.

Sokoni hakuna aliyegusa.
"Hawa wamekula watu," alisema Mwamini,
akijifuta vidole ambavyo havikushika kitu.
Paka wake walikula. Paka hawana msiba.

Usiku nilibishana naye, peke yangu, kitandani:
dagaa ana kinywa kama tundu la sindano,
amle nani? Anakula vijidudu vya maji.
Na vijidudu hula nini?
Hapo nikageukia ukutani.

Nikaanza tena, kwa njia nyingine:
mchikichi wa nyumbani Simbo umeota miguuni pa babu,
mizizi imempita mbavuni, na mawese yake
tumeyamimina kwenye kila sahani tangu nizaliwe,
wala hakuna aliyeuliza wekundu ule umetoka wapi.
Mama, ambaye nilidhani amelala, akajibu:
"Babu yako tulimwosha. Tulimsemesha.
Tulimpa udongo, udongo ukachukua muda wake.
Mwanangu hakuagana na mtu."

Basi dhambi iko kwenye nyama, au iko kwenye haraka?

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Ziwa lilimjua Ntahondi tangu anaoga uchi, ana miaka mitatu,
likijua kovu la goti lake na jinsi anavyocheka maji yakimpiga.
Halikubakiza hata kandambili.

Na mwenye boti, aliyewapanga thelathini na mmoja
juu ya mbao za watu kumi na tano,
Jumapili nilimwona anakula wali kwa kuku,
mafuta yakimshuka kidevuni.
Yeye, sokoni, walimpisha njia.

Mimi sikula hata dagaa mmoja. Hilo mliandike.
Lakini magunia manne niliyafunga kwa mikono hii,
nikayashona midomo kwa uzi wa buluu,
nikayapandisha treni ya Tabora,
kwa Kalunde, ambaye ziwa
amewahi kuliona kwenye kalenda tu.
Sikumwambia. Hakuniuliza.
Waliokula hawakujua,
aliyejua hakula:
haya, tafuteni mchawi kati yetu.

Pesa iliingia kwenye simu Ijumaa, saa nne asubuhi.
Nikanunua maharage kilo mbili, unga wa muhogo,
dawa ya kifua cha mama,
na madaftari ya mtoto wa Ntahondi,
yale ya mistari mipana, ya darasa la kwanza.
Usiku tulikula. Maharage yalikuwa maharage.
Niliyatafuna polepole
kama mtu anayeogopa kukuta jiwe.
Mtoto akaomba kuongezwa. Nikamwongeza.

Jumatatu Kalunde akapiga. Sauti ilikuwa ikikatika,
nikasimama juu ya ndoo ili nimsikie.
"Dada, wale dagaa... watamu!
Wateja wananigongea mlango usiku.
Huko kwenu mnawalisha nini?"

Upepo ulikuwa unatoka ziwani.
Chanja zilikuwa tupu, mwezi mkubwa, mchanga mweupe.
Nilishuka kwenye ndoo. Nikapanda tena.

"Giza likirudi," nikamwambia,
"nitakutumia wengine."