Jibini la Mama

Nimelifunga kwa magazeti matatu na taulo,
bado linanuka.
Kutoka Lille hadi Paris watu walivumilia.
Baada ya Lyon, bwana mwenye tai
aliinuka, akasema samahani, akahama behewa.
Anselme wangu akacheka mpaka kwikwi ikamshika.

Mvua ya kwetu kaskazini ilitufuata hadi Valence,
ikachoka, ikateremka pale;
sisi tukaendelea.

Toulon. Meli imeachama inameza malori.
Chumba hatukulipia. Tulilala vitini,
miguu juu ya sanduku,
na mbwa wa mtu akilia ngazini usiku kucha.

Saa nane nikatoka sitahani.
Giza, na injini ikitetemesha nyayo.
Miaka sita tangu mazishi,
tangu maneno yale ya kabati, ya nyumba,
ya nani alimuuguza na nani alituma kadi tu.
Ulimi hauna mfupa.
Wangu mimi siku ile ulikuwa na meno.

Bastia ilianza kwa harufu:
vichaka, moshi wa kuni,
kisha ndipo mlima.

Séverine kando ya gari, mikono mfukoni,
uzito wote mguu mmoja,
vilevile alivyosimama Mama foleni ya mkate.
Nilikuwa na hotuba. Niliipanga tangu Paris.
Pua yake ikanitangulia.
"Umelileta."
Halikuwa swali.

Akalipokea kwa mikono miwili,
akaniachia masanduku.