Dosari kwenye Bamba 1147

Akiba haiozi, ndivyo wasemavyo.
Aliyelisema hakuwahi kushuka ngazi hizi,
ghorofa ya chini, Tbilisi, mwezi wa pili,
akanusa jelatini inavyokata tamaa
polepole, kuanzia pembeni.

Naanza saa tatu. Navaa glavu za pamba.
Nafungua kasha, natoa kioo,
nakiinua mbele ya taa kama mtu akaguaye yai.
Humo ndani kila kitu kimegeuka:
theluji ni makaa, mshumaa ni tundu jeusi,
watakatifu wana nyuso za masizi
na mboni nyeupe zisizopepesa.

Bamba 1147. Kanisa la Malaika Mkuu, Lahvari,
ukuta wa kaskazini.
Mpiga picha: Iese, mwana wa seremala,
aliyeipanda milima ya Svaneti na nyumbu wawili,
vioo vimelazwa kwenye nyasi kavu
kama watoto wenye homa.
Vilivunjika arobaini. Hakuandika kwamba alilia.
Aliandika bei ya shayiri.

Kisha kadi, mwandiko wa aliyenitangulia:
Hali, nzuri. Dosari, mwanga umetikisika, ubawa wa kushoto.

Kanisa halipo.
Theluji iliporomoka usiku mmoja ikalibeba
pamoja na shule na zizi la ng'ombe.
Sasa mafundi wanalijenga upya,
wananipigia simu: upana wa jicho,
mikunjo ya joho, idadi ya manyoya.
Nawapimia kwa rula, nawajibu.
Juzi Tsiuri, mchoraji wao, akauliza
joho lilikuwa rangi gani.
Nikanyamaza. Bamba halijui nyekundu.
Linajua kiza na kisicho kiza, basi.
"Na ule ubawa," akasema, "tutausafisha kwenye kompyuta.
Dosari ile inatusumbua."

Barua ilifika Jumatano, na kopo la asali.
Jansugi, dereva wa trekta, Lahvari:

"Bibi yangu Darejani alikuwa na miaka tisa.
Mle kanisani hata padri ulimjua kwa kikohozi chake, giza lilivyokuwa.
Yule bwana wa mabamba akampa kioo cha kunyolea,
akamsimamisha mlangoni,
alinase jua, alirushe ukutani,
asijongee, asipumue, mpaka aambiwe.
Dakika kumi na moja.
Alitusimulia kila jioni tukikamua:
jua machoni, barafu kisogoni,
na malaika akitoka gizani kipande kwa kipande
kana kwamba yeye ndiye anayemchora.
Mkono ukafa ganzi. Ukatetemeka, kidogo tu.
Kwenye ubawa, alisema. Wa kushoto.
Alikufa akiamini kwamba aliiharibu picha.
Naomba nakala.
Msiisafishe."

Nikalirudia bamba, na lenzi ya kukuzia.
Miaka kumi na minne nalipita hili
kama mtu apitaye jirani asiyemsalimu.
Kweli: manyoya yamejirudia mara mbili, mara tatu,
kama ndege aliyekaribia kuruka
akakumbuka kwamba yeye ni chokaa.

Kadi ina vyumba vyake: mahali, mwaka,
mpiga picha, hali, dosari.
Hakuna chumba cha aliyeshika jua.
Nikafuta neno moja kwa kifutio, karatasi ikachubuka,
nikaandika kwa penseli, maana wino haturuhusiwi:
Darejani. Mkono wake.
Mkuu wa idara ataniuliza ushahidi.
Nitamwonyesha nini, kopo?
Ndani ya asali umeganda mguu wa nyuki.

Saa kumi simu ikalia. Tsiuri.
Nikamwambia kuhusu rangi bado sijui,
labda sitajua.
Kuhusu ubawa, uchore ukitetemeka.
Kimya kikawa kirefu, nikasikia
nyundo za mafundi, mbwa, mtu akipiga mluzi.
Kisha akauliza, kama aulizavyo jicho au joho:
"Utetemeke kiasi gani?"

Nikavaa glavu.
Nikatafuta rula.