Tangazo la Lama

Mwaka jana radi ilimkuta Anacleto Yujra
katikati ya tangazo la lama aliyepotea:
dume jeupe, sikio la kushoto limefungwa uzi mwe—
na hapo Redio Qalauyu ikanyamaza.

Kipaza sauti kiliyeyuka kama mshumaa.
Yeye alizinduka na kiganja kilichochorwa mito,
na huku kwetu, juu kabisa ya Bolivia,
anayepigwa na radi akapona, ameitwa.
Wakamletea majani ya koka awasomee kesho yao.
Akawarudishia.
Sikuitwa, alisema. Nilishika chuma.

Ndipo akaja Severina Huallpa kutoka Oruro,
buti za mgodini, kipimo ndani ya blanketi mgongoni
kama mtoto mchanga.
Akauzunguka mlingoti mara mbili, kimya.
Mlingoti ulikuwa na fimbo yake ya ardhi huku,
chumba cha mitambo kina yake kule,
na katikati kebo moja, nyembamba.
Mna nyumba mbili zisizosalimiana, alisema,
na mmemtuma mtoto apeleke ugomvi.

Mimi ndiye mshika funguo. Niliandika yote daftarini:
radi haijengewi ukuta.
Ifungulie mlango wa nje, mpana, ulionyooka,
isione sababu ya kukatiza sebuleni.
Waya ukilazimika kupinda, upinde kama mto,
usipinde kama kiwiko.
Umeme mkubwa hauna subira ya kona.

Akachomeka vijiti, akasoma: omu mia na arobaini.
Ardhi yenu haisikii, akasema.
Tukacheka. Viazi vyetu vilishatuambia.

Basi tukachimba.
Siku nne za nyundo na mwamba, mfereji wa duara,
miale mitatu ikitambaa hadi zizini kwa Primitiva Colque,
ambaye alidai fidia ya ukuta wake, akalipwa jibini.
Mtu akasema, tutie chumvi, chumvi tunayo bahari nzima.
Severina akatikisa kichwa:
chumvi huahidi upesi, halafu huila shaba,
na mvua ya kwanza inaondoka nayo.
Tukabeba udongo wa mfinyanzi kutoka bwawani,
mzito, mweusi, unaotunza maji kama siri.

Unga ukawaka ndani ya kikombe cha grafiti,
shaba ikaumana na shaba, isijulikane mshono.
Omu arobaini. Kumi na tisa. Sita na nusu.

Kabla hatujafukia, Anacleto akamimina pombe
kidogo kwa Pachamama, kidogo zaidi kwake.
Severina akangoja amalize, akapima tena.
Sita na nukta tatu.
Akaiandika, bila maoni.

Mwisho alitundika bamba moja la shaba
pale kebo inapoingia ukutani,
na kila chuma akakileta hapo kwa mkanda wake:
fremu, betri, bomba, hata nondo za dirisha.
Vikipanda vipande pamoja, alisema,
vikishuka vishuke pamoja.
Kinachoua ni tofauti.

Januari, usiku wa pili wa mvua, mbingu ikapasuka.
Nilikuwa nimeshazima, nimeshachomoa kebo,
maana mlango wa nje si ruhusa ya kulala mlangoni.
Nikakaa jikoni kwa mama, magoti kifuani.
Mwanga ukaingia kwenye kila tundu la paa,
kishindo nacho hakikusubiri zamu yake.

Asubuhi niliogopa kitasa.
Harufu ya chumba ilikuwa ya jana: vumbi, chai, sweta ya mtu.
Kwenye mguu wa mlingoti kihesabu kidogo,
kilichokaa sufuri tangu Novemba,
kilionyesha moja.

Nilirudisha kebo. Taa ya kijani.
Anacleto akaketi, akakitazama kipaza sauti kipya
kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata,
akakohoa,
akasema hewani, nyanda zote zikimsikia:

—kundu. Uzi mwekundu.
Atakayemwona ampeleke kwa Primitiva Colque.
Ingawa sasa, nadhani, amekwisha kuwa na wajukuu.