Shingo ya Enzela

Usilitazame ua. Ua hudanganya mchana kweupe:
petali tatu nje, tatu ndani,
na doa la kijani kama kalamu iliyovuja wino.
Yote yana doa hilo,
hata yale tusiyoruhusiwa kuyachimba.

Ndivyo alivyoanza shangazi Mzevinari,
amepiga goti kwenye tope la Machakhela,
theluji bado imejibanza nyuma ya zizi.
Shika hapa, akasema, jani linapotoka ardhini.
Shika shingo.

Enzela moja, jani lake la nje limelikumbatia lenzake,
limelizungushia ubavu
kama shuka kwa mtoto mwenye homa.
Hiyo ina kibali, ina bei, ina meli inayoingoja Batumi.
Nyingine, majani yake yamesimama uso kwa uso,
bapa kwa bapa,
kurasa mbili za daftari lisilofunguliwa.
Hiyo iache ilale.

Rangi? Ndiyo, moja hung'aa kama imepakwa mafuta,
nyingine imepauka kidogo.
Kidogo.
Lakini penye ukungu kila jani limepauka,
na huku kwetu ukungu ndio mwenye nyumba,
sisi wapangaji.

Mwezi wa tano, maua yamekwisha kitambo,
akaja mkaguzi, Zurabi, buti mpya, lenzi kifuani.
Akamwaga gunia letu juu ya turubai:
vitunguu elfu na ushei, ngozi ileile ya kahawia,
kila kimoja na mkia wa jani uliosinyaa.
"Nitajuaje siuziwi mbuzi kwenye gunia?"

Shangazi hakujibu. Akaokota kimoja, kingine, kingine,
kidole gumba kikiteleza shingoni,
macho yake ng'ambo, kwa ng'ombe anayevuka kijito.
Vinne akavirusha kando.
Zurabi akavipasua kwa wembe,
akavikodolea lenzi mpaka chai yake ikapoa.
Akapiga muhuri.

Vile vinne nilivichimba mimi.
Sikusema. Naye hakuuliza.
Jioni tu, akipukuchua mahindi:
"Macho hayana pazia, ndiyo maana yanaingiliwa na kila kitu.
Kidole huuliza swali moja."

Lakini kulikuwa na cha tano.
Kilibaki kiganjani mwake, akikigeuza, akikirudia.
Jani la nje lilianza kukumbatia, likaghairi;
ukingo mmoja umejikunja, mwingine umenyooka,
kama mgeni aliyevua kiatu kimoja mlangoni.
Nikauliza, hiki je?
Akanitia mkononi, akajipangusa udongo kwenye aproni,
akaenda kukama.

Nilikipanda kando ya bomba, pale maji yanapodondoka.
Majira ya tatu sasa kinatoa ua,
na doa lake la kijani, kama yote.
Shangazi vidole vimekufa ganzi, huniachia mimi kazi.
Zurabi alipita Machi, akainama, akafungua kitabu chake,
akakifunga.

Nami kila mwaka napiga goti, nashika shingo.
Gunia lake bado sijalishona.